Kitabu gani cha chuo umeshindwa kukigawa? Mimi Morrison na Boyd

Mkaa wa Mkole

Wakuu habari za jioni. Nina swali ambalo wengine mtaliona la kipuuzi ila naombeni msinicheke sana. Binti wa shangazi yangu kapata chuo, anaenda kusoma kemia mwaka wa kwanza, jana kanipigia simu anasema kaka nasikia una kile kitabu kikubwa cha oganiki, naomba nianze nacho. Nikajibu sawa, njoo uchukue. Toka hapo roho haitaki kabisa.

Chenyewe ni Organic Chemistry cha Morrison na Boyd, toleo la tatu, la 1973. Wale jamaa wawili walikuwa wanafundisha New York University, wakatoa toleo la kwanza 1959, na la sita likatoka 1992. Mimi nilikipata kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, nikatoa hela yote ya bumu (mkopo wa chuo) iliyokuwa imebaki, baada ya hapo ikawa ni mihogo ya kukaanga na chachandu mpaka mwisho wa mwezi. Kina kurasa zaidi ya elfu moja, kava lilishaachia nikalibandika kwa gundi ya fundi viatu, na kabla yangu kuna mtu alikisoma kitabu chote na penseli mkononi, mwandiko mdogo mdogo umelalia kulia. Swali alilolipata anaweka tiki, lililomshinda anaandika "rudi hapa". Kwenye sura ya stereokemia, ile ya jinsi molekuli zinavyokaa kwa pande tatu, kuna ukurasa mmoja una "rudi hapa" tatu, na mojawapo imefutwa kwa rababa, tiki imewekwa juu yake. Yule mtu simjui, hata jinsia yake siijui, lakini siku naona ile tiki nilifurahi kama nimefaulu mimi.

Sasa kwa nini nakipenda, acha niseme maana wengi hapa watadhani ni kumbukumbu za ujana tu. Madesa (noti) tuliyopewa yalikuwa yanaanza hivi: mekanizimu, yaani riaksheni inavyokwenda hatua kwa hatua, ya klorini na methani, hatua ya kwanza hii, ya pili hii, ya tatu hii, kariri ukajibu UE (mtihani wa mwisho wa chuo). Morrison na Boyd wanaanza na kilichoonekana maabara. Kwamba gesi hizi mbili ukiziweka gizani kwenye joto la kawaida hazifanyi kitu. Gizani mpaka uzipashe kupita nyuzi 250 ndio zinaanza. Ukizimulika kwa mwanga wa urujuanimno zinaanza hata bila kupashwa, na ni mwanga wa aina ileile ambayo tayari inajulikana inavunja molekuli ya klorini. Punje moja ya mwanga inakuletea maelfu ya molekuli za kloromethani. Halafu ukitia oksijeni kidogo tu, mambo yote yanapoa kwa muda, kisha yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakishamaliza kukupangia hivyo ndio wanakuuliza, haya, ni mekanizimu gani inayoweza kueleza yote haya kwa pamoja? Unakaa unafikiri, unajaribu, unaona mwenyewe kwamba lazima kuwe na mnyororo, atomu moja ya klorini ikishaachiwa inavuta hidrojeni, kipande cha methani kilichobaki kinavunja klorini nyingine, kinaachia atomu nyingine, mbele kwa mbele, na oksijeni kazi yake ni kumkamata yule aliyebeba zamu. Nilisoma hiyo sura usiku kucha, prakto asubuhi nikaenda macho mekundu, lakini mpaka leo hiyo kitu haijanitoka kichwani na sijawahi kuikariri.

Kwa hiyo swali ni hili: nimpe dogo kitabu cha 1973 au nimtafutie kipya? Na nyie wenzangu, mna kitabu gani cha chuo ambacho mkihama nyumba kinahama na nyie?

Chapati Mbili

Mpe fotokopi ya kava mkuu, cha ndani baki nacho 😂😂

Daktari wa Mchongo

Mkaa nakuheshimu ila hapa naomba nikupinge. Mapenzi ni mapenzi lakini huyo binti anaenda kusoma kemia ya leo. Kuunganisha kaboni na kaboni kwa kutumia paladiamu, yale ya Heck, Negishi na Suzuki waliyopewa Nobel 2010, humo hamna. Metathesisi, ile ya molekuli kubadilishana vipande kwenye vifungo pacha, ya Chauvin, Grubbs na Schrock, Nobel ya 2005, hamna. Na hizi ndio njia zinazotumika leo kutengeneza dawa kibao. Unampa mtoto ramani ya Dar ya mwaka 1973 halafu unamwambia nenda Mbezi, akipotea utasema hana akili?

Halafu vitabu vipya vizuri vipo. Clayden na wenzake, kinachochapwa na Oxford University Press, toleo la kwanza 2001, wanaeleza mekanizimu kwa mishale inayoonyesha elektroni zinakokwenda, na wanaeleza kama mtu anayeongea na wewe. Na kama shida ni hela, McMurry toleo la kumi ni bure kabisa, lipo OpenStax, tovuti ya vitabu vya bure, toka 2023, unashusha PDF unasoma kwenye simu. Mwandishi mwenyewe ndiye aliyeamua liwe bure, kwa kumbukumbu ya mwanae Peter aliyekuwa na sistiki fibrosisi na akafariki 2019. Sasa kwa kitabu kama hicho mtu unabaki na mavumbi ya Posta kwa sababu gani?

Sijasema ukitupe lakini. Kiweke sebuleni.

Bint Makonyo

Assalaam alaykum wana jukwaa. Mie nlisomea famasia na hichi kitabu nnacho, langu toleo la sita, na sikitoi kwa mtu hata akija na mahari.

Ntakwambieni kwa nini. Kwenye sura ya fenoli kuna mahala wameweka molekuli kadhaa zimepangwa pamoja, kila moja na chanzo chake chini. Mafuta ya karafuu, eugenoli. Mafuta ya kungumanga, isoeugenoli. Vanila, vanilini. Nami ni mtoto wa Pemba, nimekulia si mbali na Wawi pale kwenye kiwanda cha mafuta, ile harufu ya makonyo (vikonyo vya karafuu) yanapopikwa naijua kabla sijajua kusoma. Mwaka wote wa kwanza naona mapete ya benzini na maherufi, nasoma kwa sababu nimeambiwa nisome, siku moja nafungua ukurasa naiona karafuu imekaa pale, pete moja, OH pembeni, OCH3 jirani yake, na upande wa pili mkia wa kaboni tatu una kifungo pacha mwishoni. Nikaifunika kwa kidole nikaichora mwenyewe kwenye daftari, mara ya kwanza nikakosea mkia, mara ya pili ikaja.

Na raha yenyewe khasa ni kwamba ukikisogeza kile kifungo pacha hatua moja tu kuelekea kwenye pete, eugenoli inageuka isoeugenoli, na hiyo ukiioksidisha unapata vanilini. Yaani ladha ya aiskrimu imetengenezwa kutokana na mafuta ya karafuu! Watu wamefanya hivyo viwandani zamani sana. Nyumbani sisi mtu akiumwa jino anatiwa karafuu, basi, na nlipokuja kufanya kazi nikakuta madaktari wa meno wana unga wa zinki oksaidi wanauchanganya na eugenoli kuziba jino kwa muda. Bibi yangu hajasoma hata darasa moja lakini alikuwa ndani ya sura ile.

Sasa Daktari, Clayden ni kitabu kizuri sikatai, nimekitumia. Lakini mtu hupenda kitabu alichokutana nacho akiwa hajui kitu.

Kaka Mkaa, mpe mtoto. Ila mwambie asifute ile penseli.

Mkaa wa Mkole

Waalaykum salaam dada. Umenifanya niende kufungua hiyo sura saa hizi, kwenye la tatu pia ipo, na jamaa wa penseli kaizungushia eugenoli duara. Labda naye alikuwa mtu wa visiwani, Mungu anajua.

@Daktari hoja yako ya paladiamu naikubali, ila mwaka wa kwanza wanafika huko kweli?

Jirani wa Chiromo

Niaje wadau, hii thread imenipata nikiwa kwa matatu na nimepitisha stage yangu juu yenu.

Mimi ni wa Nairobi, nilisomea pale Chiromo, kampasi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Morrison na Boyd yangu nilinunua inama bookshop, wenye hamjui hizo ni zile vitabu zinatandazwa chini kando ya barabara mpaka lazima uiname ndio usome kichwa. Ilikuwa chapa ya India, ile karatasi nyembamba ukisoma ukurasa huu unaona kivuli cha ule mwingine, na hizo chapa za bei nafuu huwa zimeandikwa zinafaa kuuzwa nchi gani, na Kenya haikuwa kwa hiyo orodha 😂 Lakini bila hizo wengi wetu hatungesoma. Mzee wangu naye alikuwa na Finar, kitabu kingine cha oganiki, zile za ELBS, ule mpango serikali ya Uingereza ilikuwa inalipia vitabu vya chuo vishuke bei ili vifike kwa watu wa huku kwetu. Ile Finar bado iko kwa kabati yake, volume mbili, na huwezi gusa bila ruhusa.

Kile mimi nilipenda kwa M na B ni stori ya Kharasch. Mnaikumbuka? Hidrojeni bromaidi (HBr) ukiiongeza kwa alkini, yaani molekuli yenye kifungo pacha cha kaboni, kulingana na rule ya Markovnikov bromini inafaa kuenda kwa kaboni yenye hidrojeni chache. Lakini kwa miaka mingi watu walikuwa wanapata majibu tofauti, huyu anapata imeenda upande huu, mwingine anapata imeenda ule, na ni riaksheni ileile na vitu vilevile. Ilikuwa ni ubishi tu kwa majarida. Ndio 1933 Kharasch na Mayo wa University of Chicago wakagundua shida ilikuwa ni perioksaidi. Yaani alkini ikikaa kwa chupa ikipigwa na hewa inatengeneza perioksaidi kidogo, na hiyo kidogo inatosha kubadilisha njia yote, inakuwa ni ya radikali, yaani vipande vyenye elektroni moja haina mwenzake, na bromini inaenda upande mwingine. Ukisafisha vizuri, Markovnikov yuko sawa. Ukiacha perioksaidi, inageuka. Wote walikuwa wanasema ukweli!

Lec wetu alitupea hiyo kama rule moja kwa slaidi, "HBr plus perioksaidi, geuza". Nilikuja kujua kulikuwa na kesi nzima nyuma yake juu nilisoma kitabu. Hiyo ndio tofauti.

Mpee mtoto kitabu bana.

Newton wa Tandale

Naona watu wa kemia mmejimilikisha uzi. Sisi wa fizikia tuna Halliday na Resnick, yangu nimeikalia, nimeilalia, kuna wakati nimezuia nayo mlango usipigwe na upepo, na bado ina hadhi yake. Kabla ya hapo fomu faivu na siksi ni Nelkon na Parker, atakayebisha hakusoma PCM (fizikia, kemia, hesabu).

Lakini ya moyoni kabisa kwangu ni mihadhara ya mwanafizikia Feynman, ile aliyowapa wanafunzi wa mwanzo pale Caltech kati ya 1961 na 1963. Kufaulia mtihani hapana, utapata sapu (mtihani wa marudio). Ya kusoma usiku baada ya kumaliza mtihani ndio hiyo. Na siku hizi juzuu zote tatu zipo bure mtandaoni, Caltech wenyewe wameziweka, zinasomeka vizuri hata kwenye simu. Mimi hata hivyo nina juzuu ya kwanza ya karatasi, imeliwa na mchwa pembeni, naipenda hivyo hivyo.

Mwalimu wa Prakto

Vijana salaam. Nimefundisha kemia muda mrefu kidogo na sasa nimepumzika, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika marefu, mnivumilie.

Mkaa, mpe huyo binti kitabu lakini usimpe kikavu, kaa naye kwanza mkipitie mambo machache ambayo ya 1973 yatamchanganya au kumdhuru.

La kwanza ni usalama, na hili silifanyii mzaha. Vitabu vya enzi hiyo vinaitaja benzini na kaboni tetrakloraidi kama vimiminika vya kawaida vya kuyeyushia vitu, na wengine wetu tulinawia mikono benzini baada ya prakto. Benzini inasababisha kansa ya damu, hilo halina mjadala leo. Kaboni tetrakloraidi inaharibu ini na imebanwa na Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa sababu ya tabaka la ozoni. Asije akaona kitabuni akaenda kuomba stoo.

Nishati humo ni kilokalori, kwenye mitihani yake watataka kilojuli. Azidishe kwa 4.184 na maisha yaendelee. Majina nayo, atakutana na methili kloraidi wakati lekcha anasema kloromethani, atazoea ndani ya wiki. Na spektra za NMR, yaani michoro ya mashine ya sumaku inayotumika kutambua molekuli, alizoziona Mkaa ni za mashine za 60 MHz, milima imebanana, leo mashine ya 400 ni ya kawaida na vilele vinaonekana vimeachana vizuri. Sura hiyo asome mpya.

Lakini sura ya pili, ya tatu na ya nne, namshauri asome hizo za zamani kabla ya kitu kingine chochote. Na nitawaambia kipande kimoja ambacho nilikuwa nakitumia darasani kila mwaka. Kwa nini klorini inashambulia methani kwa fujo wakati bromini inasuasua? Kitabu kinakupa vizingiti: atomu ya klorini inahitaji kama kilokalori 4 kwa moli ili ing'oe hidrojeni, bromini inahitaji kama 18. Mwanafunzi anasema aa, 18 ni zaidi ya mara nne ya 4, basi bromini ni polepole mara nne na kitu. Namwambia kaa chini na kikokotoo. Kwenye nyuzi 275, kati ya migongano milioni 15, klorini inapata kama 375,000 yenye nguvu ya kutosha. Bromini inapata mmoja. Darasa zima linanyamaza. Hapo unakuwa umefundisha kizingiti cha nishati bila kuchora kilima chochote, na kilima ukija kukichora kinaeleweka.

Daktari, hao akina Suzuki ni wakubwa sana na binti atafika huko mwaka wa tatu. Akifika ameshajua kuuliza ushahidi uko wapi, mzunguko wa paladiamu hautamtisha. Akifika amekariri mishale, utamtisha. Nimewaona wa aina zote mbili.

Daktari wa Mchongo

Mwalimu shikamoo. Hiyo ya benzini kunawia mikono imenitia baridi.

Sawa, nalegeza. Sura ya pili hadi ya nne asome kwa Mkaa, zilizobaki asome McMurry ya bure, na Clayden akipata hela. Lakini msimamo wangu kwenye spektra uko palepale, mtu asiniletee NMR ya 1973.

Mwalimu wa Prakto

Marahaba. Kwenye spektra tuko pamoja.

Chapati Mbili

Mimi nilisoma biashara, nimesoma uzi wote, sijaelewa kitu ila nimejua vanila inaweza kutoka kwenye karafuu. Leo sijapoteza bando.

Mkaa wa Mkole

Mwalimu shikamoo, nimeyaandika yote pembeni. Dogo anakuja Jumamosi. Nimeamua nampa, ila kwanza napeleka kwa mtu wa steshenari sura tatu ulizotaja zipigwe kopi nibaki nazo, na za penseli zitoke vizuri maana mashine nyingine zinafifisha. Nitakaa naye tupitie ya benzini kabla hajaondoka. McMurry nishamshushia, nimemwekea kwenye simu.

Kitu kimoja kimebaki. Maswali ya mwisho wa sura majibu yake yapo kwenye Study Guide, kile kitabu kingine cha pembeni, na mimi sijawahi kukipata. Mwenye nacho anauza aseme bei.

Jirani wa Chiromo

Ukipata mbili nichukulie moja.

Bint Makonyo

Nnayo lakini ni ya toleo la sita, maswali ya kwako la tatu hayatolingana namba, itabidi mtoto asome swali alitafute kwa maneno. Siuzi, naazima, na ikirudi iwe na kurasa zote. Njoo faragha unipe jina la mtu wa kuipokea bandarini, kuna ndugu yangu anapanda boti ya Ijumaa.